Gunia la Jasi Stesheni ya Makanya

Kwenye mikutano ya nje ya nchi, tulipobishana kuhusu biashara ya pembe na ngozi, wajumbe walizoea kuninong'oneza nilegeze kidogo. Nilegeze nini? Kulegeza sikufundishwa. Kazi hii ya kubishana niliianzia stesheni ya Makanya, nikiwa nimekalia gunia.

Zilikuwa enzi za Ujamaa, kila mtu Ndugu. Nilikuwa afisa wanyamapori, binti mbichi, na watu waliniita Bwana Nyama hivyo hivyo. Siku hiyo magunia ya jasi iliyosagwa yalikuwa yakipakiwa kwenye behewa. Nilikuwa na bambo, kile chuma cha kuchomea magunia ya mahindi, nimekiazima chama cha ushirika. Jasi ni laini, bambo hupenya tu. Kwenye gunia moja likagoma. Nikalichana gunia. Pembe za kifaru! Shinani damu imeganda.

Mkubwa mmoja wa wilaya akafika na Landrova.

"Ndugu, pakia mzigo huo."

"Haupandi treni mpaka hakimu auone."

Gunia likiondoka, hakuna kesi, na kifaru yule amekufa bure. Basi nikalikalia. Akacheka, "Nyie Wapare na kesi! Utauza ng'ombe kwa kesi ya kuku?"

"Na kuku nitamuuza."

Mama yangu alikuwa ameteremka kutoka kwetu Bombo, milimani, kuniletea makande. Nilimweleza kilichomo. Alikaa nami palepale juu ya gunia, na kanga yake safi ya kanisani.

Yule mkubwa akalainisha sauti. "Shikamoo, mama."

Kimya.

Kwetu, mtu mzima kukunyima marahaba mbele za watu ni heri akuzabe kofi. Wapakiaji wakasimama kutazama. Akarudia kwa nguvu, "Mama, shikamoo!" Mama akafunua chungu. "Kula, mwanangu, yatapoa."

Nikala. Kazi ile niliipenda mno, na niliiona inaondoka.

Treni ikapiga honi, ikaondoka bila gunia. Mkubwa akaninyooshea kidole. "Kuanzia kesho kazi huna!"

Mama akajifuta mikono taratibu.

"Kazi hana," alisema, "gunia tunalo. Na marahaba yako, baba, njoo uidai mahakamani."