Presha Ilivyoniumbua Mbele ya Wagonjwa

Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Mimi ni muuguzi hapa Dodoma, na mwezi huu wote niko zamu ya usiku. Tangu maduka yajae biskuti za nje, nakula hizo na kushushia soda. Mchana silali, nafanya mazoezi ya somo mbele ya kioo. Matroni alisema nikifundisha vizuri kwenye kliniki ya presha, atanihamishia zamu ya asubuhi, kwa hiyo somo nilikuwa nalo kichwani hadi mahali pa kutabasamu.

Jana nilitoka wodini nikaingia kliniki moja kwa moja. Nikawahimiza wagonjwa walale vya kutosha na waache soda. Nikawaeleza namba zipi ni za hatari. Mzee mmoja wa Mvumi akakataa kupimwa.

"Hiyo itanibana, mjukuu wangu."

"Haibani, babu. Tazama."

Nikafunga kipimo mkononi mwangu mwenyewe, kama tunavyofanya kwa waoga, nikamwomba Matroni, aliyekuja kunisikiliza, apime. Akapima, akaitazama namba, akanitazama mimi.

"Soma kwa sauti, Matroni, wasidhani tunawaficha."

"Nisome?"

"Soma tu."

Akasoma. Benchi zima likanigeukia, maana nilikuwa nimewafundisha vizuri mno.

"Mashine imeharibika," nikasema.

Matroni akampima babu. Presha yake ilikuwa sawasawa kabisa. Babu akashusha mkono wa shati, akasogea, akapapasa nafasi kwenye benchi.

"Kaa hapa, mjukuu wangu. Daktari akija, wewe utanitangulia."