Memori za Kuchangiwa

Ijumaa, 19 Juni 1998. Manyunyu tangu alfajiri, na kusi likivuma kiasi cha kugongesha mlango wa chumba cha Kache, mpiga chapa wa Kiembeni. Kesho yake ndiyo siku ya kumzika mamake. Miaka yote Kache alikuwa amewapigia watu programu za mazishi zenye picha na wasifu. Sasa ilikuwa zamu yake, na alitaka jambo moja tu: uso wa mama uwe ukurasa wa mbele, maana marehemu alipigwa picha mara moja maishani.

Lakini kompyuta yake ilikuwa ikigota kila ilipoifungua picha ile. Kwenye kikao cha matanga Kache aliropoka kwamba mashine ina memori ndogo, na watu wa matanga hawasikii shida wakanyamaza. Justus, jirani aliyefanya kazi kiwandani Changamwe, akaleta kipande cha memori kilichotolewa kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini. Mama Agneta wa kanisani akaleta kingine. Mjomba Chengo, kaka wa marehemu, akaleta cha tatu, kakifunga kwenye leso.

Kache akavichomeka vyote pamoja na chake. Mashine ilipowaka ikaihesabu memori yote, haikubakisha, na watu wakafurahi.

"Changu ki wapi?" mjomba aliuliza.

"Kile cha mwisho, mjomba."

"Cha mwisho? Mimi niliyezaliwa tumbo moja na marehemu?"

"Mzee, vyote vinafanya kazi moja," alisema Justus.

"Hata viti vya arusini vinafanya kazi moja. Mbona wewe hukai nyuma?"

Kache akaizima mashine, akakihamishia mbele kile cha mjomba. Ilipowaka tena ikawa nzito kuliko kabla ya kusaidiwa. Picha ikafunguka hadi kwenye paji la uso wa mama, kisha kioo kikageuka buluu na kila kitu kikasimama.

Wachangaji walipokwenda kunywa chai, alijaribu kipande kimoja kimoja. Kila kimoja peke yake kilikuwa kizima. Viwili vilikubaliana mara moja moja. Vyote pamoja, hapana. Hakukuwa na kibovu cha kutupwa.

Akaanza kuvichomoa. Mjomba akarudi, amebeba kiti chake, akaketi kando ya meza kuutazama mchango wake ukifanya kazi.

"Mwanangu, changu umekitoa?"

"Nilikuwa nakipangusa, mjomba."

"Basi kirudishe. Au mchango wangu hautoshi kumzikia dadangu?"

Kache akakirudisha, na vya wenzake pia, maana nao walikuwa mlangoni.

Alikuwa akihifadhi wasifu kioo kilipogeuka buluu tena. Safari hii mashine haikumaliza kuwaka. Alibakiza kipande chake tu, akakibadilishia nafasi, akakirudisha, bado. Ikaandika tu kwamba faili zake za kuwakia zimeharibika. Fundi wa mjini alikuwa amefunga hadi Jumatatu.

"Umeme wa huku si mzuri," mjomba alisema kwa upole, akabeba kiti chake kurudi matangani.

Asubuhi Kache alipachika karatasi kadhaa, kaboni katikati yake, kwenye mashine ya taipu, akapiga jina la mama, tarehe zake na nyimbo za kaburini. Ile picha moja aliibandika kwa gundi kwenye nakala ya juu, akampa mjomba. Yeye alikwenda kaburini na nakala ya chini kabisa, iliyofifia.