Waya wa Tatu

Ni wiki tatu sasa Mama anaamini kwamba Roho hunishukia kila asubuhi nikiwa mezani, mbele ya laptopu. Kabla ya kwenda kufungua kibanda chake cha mboga huniwekea mkono begani na kuniombea kazi. Amefanya hivyo tangu nihitimu, miaka minne, na nilikuwa nimezoea kuendelea kuchapa huku akiomba, kama mtu anavyoendelea kula huku redio ikitangaza vifo. Kisha asubuhi moja mkono wake ukaruka.

“Umesikia?” aliniuliza.

Nilikuwa nimesikia kitambo. Tangu chaja ya kwanza iungue na ninunue nyingine ya mtumba, mfuniko wa chuma wa laptopu ulikuwa ukinitekenya viganja, kama sisimizi wanaotembea chini ya ngozi. Umeme kidogo ulikuwa ukivuja. Ulinipitia mimi ukamfikia Mama, ambaye huvua viatu kila anapoomba, akasimama pekupeku juu ya saruji iliyotoka kupigwa deki. Nilimweleza hivyo hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mungu hachagui chombo,” akasema, akavaa viatu vyake.

Jumanne iliyofuata niliondoa mikono kwenye laptopu alipokaribia. Aliomba, akangoja, akaomba tena. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, nilikuwa nimefanya dhambi gani usiku.

Kazi yenyewe niliyokuwa nikifanya ni kusikiliza sauti za watu wa mbali wakizungumza mikutanoni na kuziandika neno kwa neno. Kwa Mama hiyo haikuwa kazi. Kazi ni ofisi, na barua yenye jina lako. Na sasa mkono wake ulikuwa umemwambia kwamba barua iko njiani. Aliwaambia akina mama wa kikundi chake cha maombi, nao wakasema watakuja Jumamosi kuniwekea mikono, wote.

Hapo ndipo nilipoamua kununua ekstensheni nzuri. Yetu ya zamani ilikuwa na nyaya mbili tu ndani, haina ule wa tatu unaobeba umeme uliovuja na kuupeleka ardhini. Nilitaka Mama aone mwenyewe: kwa ekstensheni ya zamani mkono unatekenywa, kwa mpya hautekenywi. Nilitaka ajue kabla hajaaibika mbele ya wenzake. Hayo ndiyo niliyojiambia. Labda nilitaka tu kushinda.

Nilitoka mtaani kwetu, Tena, nikatembea hadi mtaa wa Umoja, kwenye duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alinitolea moja yenye plagi ya pini tatu.

“Hii ni orijino, siste. Inabeba mpaka pasi.”

“Fungua plagi nione ndani.”

“Ukifungua umenunua.”

“Nitanunua nikiona.”

Alicheka, akamgeukia mteja mwingine. “Huyu ametumwa na watu wa stima!” Lakini alichukua bisibisi. Ndani kulikuwa na nyaya mbili. Pini ya juu, ile kubwa, haikushikana na kitu.

“Na hii ya juu?”

“Hiyo ni ya kufungulia mlango,” alisema, na nikaona kwamba hakuwa akinidanganya. Ndivyo alivyojua. “Ikiingia, zile shimo za chini zinafunguka. Stima ni ya hizo mbili. Kwani nyumbani hamtumiagi kalamu?”

Tulitumia kalamu. Kila nyumba ninayoijua ina kifuniko cha kalamu cha kuchokorea lile tundu la juu, plagi ya pini mbili ipate kuingia.

Tulifungua tatu. Ya nne ilikuwa na kebo nene, ngumu kukunja, na ndani nikaona waya wa kahawia, wa buluu, na ule wa kijani wenye mstari wa njano, umekazwa vizuri chini ya skrubu yake. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu chuo.

Ijumaa asubuhi nilimwomba Mama asimame pale pale. Kwanza ekstensheni ya zamani.

“Yupo,” akasema.

Nikachomoa, nikachomeka mpya. Nikaweka viganja juu ya chuma. Nilijua kabla yeye hajanigusa. Sisimizi walikuwa pale pale.

“Bado yupo!” Alicheka, Mama yangu ambaye hacheki asubuhi. “Umeona? Hata waya yako ya kumzuia imeshindwa.”

Alipoondoka nilizima swichi kuu, nikafungua soketi ya ukutani. Nyaya mbili ndani ya vumbi. Skrubu ya tatu ilikuwa inang'aa, haijawahi kushika chochote. Nilimpigia simu msimamizi wa ploti yetu ya nyumba za kupanga.

“Waya wa ardhi? Ploti nzima haina,” alisema, kana kwamba nimemwuliza habari za lifti. “Bafu ikiwapiga si mnavaa malapa? Vaa malapa, dada.”

Ni kweli. Tangu tuhamie hapa, hakuna anayeingia bafuni bila malapa, kwa sababu bomba la maji moto linauma. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuwahi kuuliza hilo.

Jioni nilimweleza Mama kuhusu ukuta. Alikuwa akichambua majani ya sukuma wiki, hakuinua kichwa.

“Asubuhi ulisema ni waya. Sasa ni ukuta. Kesho utasema ni nini, mwanangu?”

Jumamosi walikuja, wakaacha viatu mlangoni kama kawaida ya wageni. Sakafu ilikuwa bado na unyevu. “Endelea na kazi yako,” Mama aliniambia, “usituangalie.” Mikono ilinijaa mabegani na kichwani. Ningeweza kuinua viganja vyangu. Nilivitazama. Nilifikiria Mama akingoja, akiomba tena, safari hii wenzake wakimtazama.

Nikavikandamiza juu ya chuma.

Mama mmoja akaruka, akapaza sauti. Mwingine akaanza kulia. Mama yangu hakulia. Alifungua macho akanitazama mimi, akingoja, na nikasema amina.

Barua haijafika. Ekstensheni ni nzima kabisa. Kila asubuhi anavua viatu, ananiwekea mkono, na mimi sitoi viganja.