Goti la Kwanza

Kila mara chuo kikuu kilipoleta daktari aje aione hospitali ya Kisumu, kwa matumaini kwamba atakubali kupasua magoti ya wachezaji na kufundisha wanafunzi, mzee wa chumba cha plasta, wanakofungia mifupa iliyovunjika, alimwita Joram, beki ambaye goti lake la kushoto lilikuwa limemweka nje ya uwanja mwaka mzima. Alimkunjia suruali miguu yote miwili, kisha akasimama ukutani akikohoa kidogo kidogo, kucha zake zimejaa plasta iliyokauka. Wakubwa wa hospitali waliuliza habari za vyeti. Mzee aliangalia mkono wa mgeni utaanza na goti gani. Wawili wa kwanza walirukia lile bovu. "Huyu bado," alimnong'oneza Joram. "Utajuaje lililoharibika kabla hujauliza lililo zima?"

Daktari wa tatu alianza na goti zima. Alilikunja, akalinyoosha, ndipo akahamia la kushoto. Joram akasikia kikohozi kimenyamaza.

"Hili litacheza tena," daktari akasema. "Lakini mnipe chumba cha upasuaji na vyombo vyake."

Wakubwa wakatazamana. "Labda mwaka kesho, Daktari."

Mgeni akanawa mikono, akawaaga kwa heshima, akaondoka.

"Mzee, si atarudi?"

Mzee alikaa kwanza, polepole, kama mtu aliyetembea kutoka Kombewa kwa miguu.

"Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta," akasema. "Kunjua suruali, baba. Mwambie kocha wako atafute beki mwingine."