Kila Mesaji na Swali Lake

Utaniambia nilikuwa na njaa, au homa, au huzuni ilinipanda kichwani. Sawa. Hayo yote nimeshaambiwa, tena na watu wa kanisa langu mwenyewe. Lakini mimi nilimuona mchana, jua likiwa juu, amekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu hapa Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, na kikombe alichonywea maji kiko bado ndani ya kabati. Siuzi dawa, wala sitafuti wafuasi. Nakusimulia kwa sababu wewe una simu mkononi, na huko ndani ya simu ndiko mambo yangu yalikoanzia.

Mume wangu aliitwa Kasereka. Sisi ni watu wa Butembo, tulishuka Lubumbashi zamani kwa ajili ya biashara. Yeye alikuwa anashusha mizigo kutoka Kivu, maharagwe na vitunguu, na mimi nilikuwa nauza kwa jumla kwenye depo yetu katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, si ile nchi. Kasereka alikuwa mtu wa barabara, na mimi Mungu alinipa mdomo. Akirudi, kabla hajavua viatu, nimeshaanza: ulilala wapi, ulipanda na nani, ulikula nini, nani alikupikia? Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Akanibatiza jina la Madame Douane, kwa sababu hata watu wa ushuru pale mpakani, alisema, hawamchunguzi msafiri kama mimi. Jina hilo lilikuwa letu sisi wawili tu. Hata binti yetu Neema hakulijua. Tena alikuwa na desturi moja: akishapita Pweto na kufika Kasomeno, kituo chake cha mwisho, ananipigia, "Nimefika Kasomeno, weka maji kwenye moto." Hapo najua leo analala nyumbani.

Vita vilipoingia Goma, yeye alikuwa huko anapakia. Tulizungumza kidogo kwa simu, nikasikia risasi nyuma ya sauti yake. Nikamuuliza, uko wapi hasa? Laini ikakatika. Baada ya hapo kimya. Kule benki zilifunga, barabara zikafungwa, mizigo haikushuka tena, na depo yetu ikabaki na magunia matupu. Wadogo zake walikuja kuniambia tufanye kilio, tumlie mtu wetu, tumalize. Niliwafukuza. Nitamlilia vipi mtu ambaye hakuna aliyeniambia amekufa?

Ndipo nikapata ile kazi. Kulikuwa na nyumba nyuma ya kanisa moja, hapo hapo Kenya, ina jenereta na mashini, kompyuta zile, zimepangwa mezani, na sisi wanawake tumeketi tunaandika tangu asubuhi. Wazee wa Ulaya na Kanada wanaingia kwenye tovuti ya kutafuta wapenzi, na kila mesaji, yaani kila ujumbe wanaotuma, wanailipia. Wanadhani wanaandikiana na Sandra, muuguzi, mwenye nywele ndefu na macho ya upole. Sandra alikuwa ni sisi. Saa hii Sandra ni mimi, mama wa depo iliyofilisika. Saa ijayo Sandra ni Chantal wa kiti cha pili, ana mimba kubwa na miguu imevimba. Niliona haya? Niliona haya sana, lakini Neema alikuwa anakula.

Sheria ya kazi ilikuwa moja tu. Mesaji zote zilipita kwanza kwa msimamizi wetu, Madame Odette, mtu wa Lubumbashi kabisa, na mesaji isiyouliza kitu alikuwa anairudisha. "Mama, ule muntu ukimwambia bonne nuit, lala salama, atakujibu nini?" alisema. "Atalipa tena juu ya nini? Usiache muntu aende mbele haujamuuliza kintu." Basi tukawa watu wa maswali. Unapenda mvua? Mama yako yuko hai? Unalala upande gani wa kitanda? Na ukichelewa kujibu, mashini inachukua yule kliyan, mteja wako, na kumpa mwenzako.

Siku moja akaingia kliyan mpya. Picha hana. Amejiita Musafiri. Wengine wote waliandika Kifaransa, lakini yeye aliandika Kiswahili chetu cha Kivu.

"Madame Douane, uko?"

Nilisoma lile jina mara mbili. Kisha nikaandika kama mwendawazimu: Kasereka, ni wewe? Uko wapi? Uko mzima? Jibu lilikawia, nikadhani nimeota. Likaja. "Niko njiani. Nilikuwa nimefika mbali kidogo, sasa nimerudi nikujibu."

Sikuelewa. Nani angeelewa? Nilisikia furaha tu. Nilimuandikia kila asubuhi, na kila siku alijibu, na kila jibu lilikuwa na uchovu ndani yake. Uko na nani? "Tuko wengi, lakini kila mtu anatembea peke yake." Unakula? "Tena umenirudisha." Kwa nini hunipigii simu? "Miguu inaniuma. Sina viatu. Tena umenirudisha, Madame Douane." Nilidhani ni mkimbizi aliyechanganyikiwa na mateso. Nikamwambia kila mtu nyumbani kwamba Kasereka yu hai. Wadogo zake walipoleta tena habari ya kilio, niliwacheka usoni. Mtu anayeniandikia kila asubuhi, nimlilie?

Kwa nini alipitia kwa Sandra? Hilo nimeliwaza sana. Labda kwa sababu nyuma ya ule mlango kulikuwa na mtu kila saa, na aligonga pale alipoona panafunguliwa.

Kisha akafika mama mkubwa Masika, dada ya mama yangu. Alikimbia kutoka Goma, akazunguka Uganda, Tanzania na Zambia, akaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa na mfuko mmoja wa plastiki. Nilianza kumpa habari njema kabla hajaketi. Aliniacha niseme mpaka mwisho. Halafu akafungua ule mfuko, akatoa viatu vya mume wangu.

"Alifia kwangu," alisema. "Risasi ilimkuta kwenye mulango, siku ile ile mtandao ulikatika. Tulimuzika na wengine, haraka haraka, hakuna mutu aliyelia, kila mutu alikuwa anakimbia. Mimi nilimuvua viatu. Nikasema mukewe atakuwa na kitu."

Vilikuwa viatu vyake. Ule wa kushoto nilikuwa nimeupeleka mimi mwenyewe kwa fundi kushonwa upande. Nilivishika nikakumbuka ameniandikia hana viatu. Nikamuonyesha Masika mesaji nilizozinakili kwenye simu. Hakushangaa. Alilia tu, polepole, kama mtu mzima anavyolia.

"Hajaliliwa, njo maana anatafuta nyumba," alisema. "Na wewe unamuuliza. Kwetu, siku ya kilio, uliona nani anamuuliza maiti? Tunamuambia. Hatumuulizi. Mwenye kuwa kwenye ile njia, ukimuuliza kitu, anarudi pale alipotokea, anaanza tena."

Basi hesabu mwenyewe asubuhi zote zile. Mimi mke wake ndiye niliyekuwa namrudisha mpaka kwenye lile shimo la Goma, kila siku, kwa mapenzi na kwa mshahara. Usiku ule sikulia hata.

Tukafanya kilio hapa nyumbani, na wadogo zake wakaja, Mungu awabariki, hakuna aliyenikumbusha nilivyowacheka. Kesho yake nilirudi kazini kumuandikia: Kasereka, tumekulilia, enda muzuri. Madame Odette akairudisha. Nikaituma tena. Akaja mpaka kwenye kiti changu. "Weye iko na nini leo? Hii si mesaji, hii ni kufunga mulango." Nikamweleza yote, mbele ya wenzangu. Aliniangalia kwa huruma, ya kweli kabisa, kisha akasema kazi ni kazi. Nikaamua kukaa kimya, nisimjibu. Mashini ikampa Chantal, na Chantal, kwa haraka ya kazi, bila kuangalia jina, akaandika: Chéri, unapenda kula nini? Jibu likaja mbele ya macho yetu. "Nilikuwa nimeanza kuona miti ya Pweto. Sasa nimerudi."

Chantal alisukuma kiti nyuma, akafanya ishara ya msalaba. Tangu siku hiyo tulisaidiana. Musafiri akiingia, yule aliyempata alikuwa anaandika herufi na kufuta, anaandika na kufuta, mashini idhani jibu linakuja. Tukamshikia njia hivyo hivyo. Na mama mkubwa Masika, kila asubuhi, aliweka vile viatu kwenye ngazi ya nyumba, pamoja na kikombe cha maji. Alinifundisha cha kusema akija: jina lake, kwamba tumekulilia, enda muzuri. Nikakariri kama mtoto wa katekisimu. Hakuna zaidi ya hapo, aliniambia, hata akikuangalia namna gani.

Mesaji ikaja. "Nimefika Kasomeno."

Alikuwa hajaandika habari ya maji kwenye moto. Chantal alinisukuma. "Enda, mama. Mie nitaandika na kufuta mupaka uniambie." Nikapanda pikipiki. Kutoka Kasomeno mpaka hapa ni safari ndefu kwa lori, sembuse kwa miguu, lakini nilipofika nyumbani alikuwa ameshafika.

Amekaa kwenye ngazi, mgongo kwangu, na shati lile alilosafiri nalo. Masika alikuwa amempeleka Neema kwa jirani, amesimama mbali, kwenye mahindi. Niamini, hakuwa moshi, hakuwa kivuli. Alikuwa mtu. Miguu ilikuwa imepasuka, na vumbi lililoshika miguu ile lilikuwa jeusi, vumbi la mawe ya volkano ya Goma. Hapa kwetu vumbi ni jekundu, kila mtu anajua. Alikuwa amekunywa maji. Alikuwa amevaa kiatu kimoja, anafunga kamba ya cha pili.

"Kasereka," nikasema. Mkono wake ukasimama.

"Kasereka, tumekulilia."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari aliyoingoja muda mrefu. Nikaona mabega yake yanashuka. Lilikuwa limebaki neno moja tu. Hapo akageuka akaniangalia. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, midomo imekauka, mume wangu niliyekuwa nampakulia mimi mwenyewe.

"Umekula?"

Mpaka leo sijui ni kazi iliyonizoeza au ni moyo wangu. Neno lilitoka peke yake. Kule kwenye mahindi nikasikia Masika anapiga mikono kichwani.

Kasereka alicheka kidogo, kile kicheko chake. "Ee, Madame Douane," alisema. "Hapana. Sijakula." Akainama akafungua kamba. Akavua viatu vyote viwili, akavipanga vizuri ukutani, kama alivyokuwa anafanya. Akasimama, akapita kwenye mlango wa uzio, akashika barabara aliyojia. Nilimkimbilia nikipiga kelele enda muzuri, enda muzuri. Barabarani kulikuwa na mwanaume mmoja anasukuma baiskeli ya magunia ya mkaa, akaniuliza nimeangusha nini.

Mvua ilikuwa imenyesha mara kadhaa Kasereka alipoandika tena. "Nimeanza upya. Miguu inaniuma." Sikumuuliza kitu. Nilituma yale maneno ya kwaheri, Madame Odette akayarudisha, nikayatuma tena, mpaka akanifukuza kazi. Chantal alimshikia njia kadiri alivyoweza, lakini uchungu ulimkamata, akaenda kujifungua. Alipotoka hospitali alikuta ile nyumba imefungwa, mashini zimebebwa, na Sandra, jina na picha na kliyan zake, ameuzwa kwa watu wengine. Wapi, hakuna anayejua. Mahali fulani mtu anakaa kwenye kiti na kumuuliza mume wangu kama anapenda mvua.

Mimi siulizi tena mtu kitu. Neema akitoka shule naweka sahani mbele yake, nanyamaza. Juzi alimwambia Masika kwamba mama hanipendi, hajali hata nimeshindaje. Nilisikia. Nilitaka kumuita nimueleze, lakini midomo haikufunguka.

Kwa hiyo wewe unayeandikia watu usiowajua huko ndani ya simu, kwa kulipa au kwa kulipwa, nisikilize. Akitokea mmoja asiye na picha, anaandika Kiswahili cha kwetu, anasema amechoka na yuko njiani, usimuulize jina. Usimuulize anatoka wapi. Mwambie ameliliwa, mwambie aende muzuri, kisha ufunge. Na akija mpaka kwako usimuulize kama amekula, hata ukiona kwa macho yako kwamba ana njaa.