Mshale Ulioruka Mlimani

Kamiyo yetu, lori kuukuu, ilikuwa ya jeshi. Jeshi gani, muuzaji hakusema na sisi hatukuuliza, maana Bunia ya miaka ile ilikuwa imepitiwa na majeshi mengi. Tuliipaka buluu, lakini mvua ya kwanza tu, kijani kikachungulia milangoni, na watu wakaendelea kuiita kamiyo ya vita. Kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya, ndiye aliyeiendesha. Mimi nilikuwa fundi wake. Alishuka Kasenyi ziwani, akapakia mama wa samaki na makayabo yao, samaki wa chumvi, akapanda nao mlima hadi Bunia.

Vita ilikuwa imekwisha, kwa maneno ya redio. Barabarani watu waliendelea kuuawa. Kwenye mlima ule kila mtu aliijua kanuni: gari halisimami. Tairi likipasuka, endesha hivyo hivyo. Mtu akibanwa na haja, avumilie.

Yaya alikuwa anasimama. Kulikuwa na kona moja kali, maji yameichimba, kamiyo ikipita pale inalala upande na kunguruma. Karibu kila safari, hapo ndipo mshale wa saa ya joto uliporuka hadi kwenye nyekundu. Akishaivuka kona, yaya alizima injini na kungoja ipoe. Radiata hakuifungua kuongeza maji. Ujanani mvuke ulimbabua kifua, na tangu siku hiyo alikiogopa kifuniko kile kama nyoka. Alishuka tu, akaegemea mlango, akavuta sigara akitazama majani marefu, huku abiria wakimwomba Mungu kwa sauti. Kisha aliwasha, mshale umelala, wakaondoka.

Siku moja, wakiwa wamesimama pale, pikapu iliyokuwa nyuma yao ikawapita. Ndani alikuwamo mume wa mama mmoja wa samaki. Mama mwenyewe alikuwa juu ya kamiyo yetu, na alimpungia mume wake mkono. Punde wakasikia risasi huko mbele. Katika ile pikapu hakupona mtu.

Maneno yalianzia sokoni. “Anasimamaka tu pale. Maji, hapana kumwanga. Anaangalia mu majani, anangojea watu yake.” Wahenga wanasema lisemwalo lipo. Mimi nadhani aliyetunga methali hiyo hakuwahi kusingiziwa hata kuku. Baba yetu alitoka Butembo sisi hatujazaliwa, tukakulia Bunia, tukasoma Bunia. Lakini mtu akifa, watu wanakumbuka kwamba ninyi ni wa kuja. Kanisani, benchi la mama yetu likabaki na mama peke yake. Mawe yakaanza kuanguka juu ya bati letu mchana kweupe.

Shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, alituita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu, na kwa mwenye cheo woga unaua vilevile.

“Kama iko motere, muonyeshe watu motere,” alisema. “Kama hapana, vijana watakuja kwenu, na miye sitaweza kuwazuia.”

Nilitoka pale karibu na furaha. Moyo wa kaka yangu nisingeweza kuupasua watu wauone, lakini injini naweza. Nilianza na radiata: safi. Mkanda wa feni ulikaza vizuri. Nikafungua sonde, kile kidude kinachokaa ndani ya maji ya injini na kupeleka habari kwenye mshale. Nilikitumbukiza katika sufuria ya mama juu ya makaa, nikakiunga na saa ya joto kwa waya mrefu. Maji yakapata moto, mshale ukapanda polepole. Nikaongeza maji baridi, ukashuka. Sonde ilikuwa nzima, na saa yake nzima. Nikakaa juu ya jiwe, nimechoka, nikaitukana ile kamiyo na mama yake.

Ndipo nikafikiria ile kona. Injini ya zamani, mipira inayoishikilia imelika, ikivuta mzigo mlimani inajipindua kitini mwake. Nilichukua baramini, mtaimbo wetu wa chuma, nikaitia chini ya injini, nikaiinua upande mmoja. Yaya, aliyekuwa ndani mbele ya usukani, akapiga kelele: “Imeruka!” Nikashusha: ukalala. Nikainua: ukaruka. Waya wa sonde ulipita nyuma ya chuma kimoja, na chuma kilikuwa kimeila ngozi yake hadi shaba ikabaki uchi. Shaba ikigusa chuma, mshale unakwenda kwenye nyekundu hata injini ikiwa baridi kama maji ya kisima. Nilimkumbatia yaya na mafuta yangu yote mwilini. Tulicheka. Mama alitoka jikoni kuona kuna nini, naye akacheka bila kujua sababu.

Kesho yake uwanja wetu ulijaa. Shefu alikuja, mama wa samaki wakaja, vijana wakaja na fimbo zao. Yule mjane wa pikapu alisimama mbele kabisa, kitambaa cheusi kichwani. Nilimwomba shefu aweke kiganja juu ya injini. Baridi. Nikawapandisha vijana mmoja mmoja watazame mshale huku nikiinua kwa baramini. Wote waliuona ukiruka.

“Munaona?” nilisema kwa sauti, najivuna kabisa. “Mushale ilikuwa inadanganya. Motere haikupata moto hata siku moja!”

Mjane akasema, “Rudilia.”

Nikarudia.

“Basi motere haikukuwa na moto.”

“Ndiyo, mama. Hata kidogo.”

“Sasa alikuwa anasimama juu ya sababu gani?”

Nilieleza tena, mara hii kwa haraka: aliona nyekundu, akaamini. Kijana mmoja akanikatiza. “Shofere wa miaka yote hii, hawezi kusikia motere yake? Hata harufu? Hata kufungua maji aone?” Wengine wakaitikia. Nilitazama nyuso zao nikaelewa kwamba kila nilichothibitisha kilikuwa kimehamia upande wao. Shefu alijifuta kiganja kwenye suruali, akatazama njia ya kutokea.

“Miye niliona mushale,” yaya alisema. Alisema mara moja tu.

Asubuhi iliyofuata alipanda pikipiki ya mtu kwenda Ariwara, mbali kaskazini, bila hata mfuko. Hajarudi. Mama alipokufa tulimzika bila yeye. Ule waya niliufunga kwa kipande cha mpira, kazi ya kitoto, na mshale haukuruka tena. Abiria hawakupanda tena.

Muda mrefu baadaye mjane aliniita sokoni, nyuma ya meza yake ya makayabo. Nilikwenda na hasira zangu zote, tayari kumtukana.

“Mutoto wangu, ile siku nilikuja kwenu nisikie motere ilikuwa na moto,” alisema. “Ningerudi nyumba, ningelia, ningesema ni Mungu. Weye ukanionyesha waya.”

“Mama, lakini ilikuwa waya. Ni ukweli.”

“Ninajua,” akasema, akigeuza samaki. “Lakini mutu anachukia waya namna gani?”