Mluzi Usiokoma

Ilianza siku ya pili baada ya kutoka hospitali. Nilikuwa nimelazwa kwa malaria kali, nikawekewa dripu mfululizo, nikapona. Nilirudi nyumbani kwetu Majengo nikiwa sina nguvu hata ya kuinua sufuria. Nilikaa sebuleni kunywa uji, nikasikia mtu anapiga mluzi. Mluzi mwembamba, wa sauti moja, usiopumzika.

"Nani huyo?" nilimwuliza mume wangu.

"Nani yupi?"

"Huyo anayepiga mluzi."

Alitoka nje, akazunguka nyumba, akasimama kidogo upande wa jirani, akarudi. "Hakuna mtu," alisema. Alivyoniangalia, nilijua kwamba mluzi ule ulikuwa wangu peke yangu.

Nilisubiri uishe kwa siku chache, halafu kwa wiki, halafu nikaacha kuhesabu. Huu ni mwaka wa sita.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Kazi yangu ni sauti: kuwafundisha watoto kutofautisha sa na fa, ba na pa. Siku moja nilimsimamisha binti mdogo asome neno "samaki". Akasoma. Nikamwambia hapana, rudia. Akarudia. Nikamwambia bado. Mara ya nne alianza kulia, na darasa zima likanitazama. Mwenzake wa dawati moja ndiye aliyesema, "Mwalimu, mbona amepatia?" Niliwaambia wafungue daftari wachore, kisha nikatoka nikasimama nyuma ya choo cha shule mpaka kengele ikagongwa. Sikuisikia kengele. Niliona watoto wanakimbia.

Kwaya nayo iliniponyoka. Niliimba sauti ya pili tangu usichana wangu. Jumapili moja niliingia kwa sauti ya juu kuliko wenzangu, na sikujua, nikaendelea hadi mwisho wa ubeti. Baada ya misa mwalimu wa kwaya alinivuta pembeni. "Mwalimu," aliniambia kwa upole, "pumzika kidogo. Tutakuita." Nilifua sare, nikaipiga pasi, nikaikunja. Ilikaa kabatini miezi minne ikisubiri kuitwa. Mwishowe niliirudisha mwenyewe.

Daktari alinipima, akanituma kwa mwingine, huyo naye akanirudisha kwa wa kwanza. Chanzo labda ni homa, labda ni dawa, hakuna ajuaye.

"Mwalimu, sitakudanganya," alisema. "Hali hii haina dawa. Jifunze kutulia. Ukishindana nayo, inazidi."

"Kutulia vipi?"

"Kaa mahali pamoja kila siku. Vuta pumzi, ishushe polepole. Kuna watu inawasaidia."

Nilikwenda kwake nikitaka vidonge, nikarudi nimeambiwa nipumue.

Hata hivyo nilijaribu. Watoto wetu wapo masomoni mbali, chumba chao kilikuwa kitupu. Nilitandika mkeka, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule nikawa nakaa pale nusu saa, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Kwenye simu kulikuwa na mafunzo ya taamuli, ya kukaa na kutuliza akili. Mama mmoja mwenye sauti laini aliongoza, na siku ya kwanza kabisa alisema, "Sasa sikiliza ukimya ulio ndani yako."

Nilisikiliza. Ndani yangu hapakuwa na ukimya wowote. Kadiri nilivyofumba macho, mluzi ulipanda, ukajaza chumba, ukajaza kichwa, hadi nikahisi meno yanauma. Mashine ya kusaga ya mtaa wa pili ilipowashwa nilimshukuru Mungu. Wenzangu wote mtaani waliilalamikia mashine ile. Mimi niliombea umeme usikatike.

Mume wangu alijaribu kukaa nami. Asubuhi ya tatu alisinzia akiwa amekaa vilevile, kidevu kifuani. Nilipomwamsha aliona haya. "Mke wangu," alisema, "ningejua pa kushika, ningeung'oa hata kwa mkono. Sasa nishike wapi?" Baada ya hapo aliniacha niingie chumbani peke yangu, na mimi nilimwelewa.

Sista mmoja aliyenifundisha sekondari alinishauri nitoke ndani ya nyumba. "Nenda palipo na miti na maji," aliniambia. "Kuta zinakurudishia sauti yako mwenyewe." Basi Jumamosi nikawa napanda milima ya Matogoro. Kijito kimoja kinashuka kule kati ya mawe, maji yake baridi kama yametoka kwenye jokofu. Nilikaa kando yake, nikafumba macho, nikavuta pumzi. Na mara mluzi ukawa haupo. Maji yalikuwa yameumeza. Nilihesabu pumzi mpaka mia, nikaanza tena. Nilinusa udongo na majani mabichi. Nilicheka peke yangu. Nikasema, nimepona, Mungu wangu, nimepona.

Niliinuka kwenda kumwambia mume wangu. Hatua kumi kutoka kwenye maji, mluzi ukarudi.

Nilikaa palepale njiani, kwenye vumbi, nikalia kilio ambacho hata baba yangu alipofariki sikukilia. Akapita mama mmoja na mzigo wa kuni. Alisimama.

"Dada, umefiwa?"

"Hapana."

"Sasa kuna nini?"

Alishusha mzigo wake, akakaa karibu nami bila kuuliza tena. Baada ya muda alisema, "Basi nitwike kuni zangu, jua linakwenda." Nikamtwika, tukashuka pamoja hadi njia panda.

Sikurudi Matogoro mwaka ule. Ndani yangu kulianza mawazo ambayo sikumwambia mtu. Nikipita makaburini nilikuwa nayatazama kwa wivu, kwamba wale wamepata kimya. Siku nilipojikuta nimesimama pale kwa muda mrefu na begi la madaftari mkononi, niliiogopa nafsi yangu. Likizo ya Juni ilipofika nilifunga safari kwenda kwa mama, Lusewa.

Hapa lazima nimweleze mama yangu. Alikuwa kiziwi tangu tulipokuwa wadogo, lakini sisi hatukuuita uziwi. Tuliuita kiburi. Alisalimiwa akapita. Aliitwa akaendelea kulima. Aliacha kanisa, majirani wakasema anajiona. Nilipompeleka mchumba wangu nyumbani, huyu ambaye sasa ni mume wangu, alipiga goti akasema "Shikamoo, mama" mara tatu, na mama hakuitika. Nilimfuata jikoni nikiwa nawaka. "Unatuaibisha," nilimwambia usoni. "Wewe unasikia pale unapotaka." Alinitazama midomo, akaendelea kusonga ugali.

Sasa alikuwa mzee, na kusikia kwake kulibaki kidogo tu, kwa sikio la kulia. Asubuhi za Juni ni za baridi kali. Nilikuwa natoka na kanga mbili, nakaa nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa bani la kukaushia tumbaku lililokwisha kubomoka, nikijaribu pumzi zangu. Pale kimya kilikuwa kikubwa, hata jogoo alisikika kama yuko kijiji kingine. Kwa mtu mwenye masikio mazima pangekuwa peponi. Kwangu mluzi ulitanda kutoka mbingu hadi ardhi. Siku ya nne nilikata tamaa, nikaziba masikio kwa viganja, ingawa nilijua kuziba hakusaidii.

Mama akanikuta hivyo. Akanigusa bega.

"Unaumwa masikio?"

"Nasikia mluzi!" nilipaza sauti karibu na sikio lake. "Hauishi, mama!"

Alikaa chini, polepole, akishika ukuta.

"Wako ni mluzi," alisema. "Wangu ni nyenze."

Nilidhani hakunielewa. Nikabaki karibu na sikio lake. "Nyenze gani?"

"Nyenze. Wa wakati wa joto, wale wanaolia mchana kutwa. Wapo humu." Akagonga kichwa chake kwa kidole. "Tangu nilipomzaa mdogo wenu wa mwisho, yule aliyefariki. Niliugua, nikapewa kwinini nyingi."

"Mbona hukutuambia?"

"Niseme nasikia wadudu wasiokuwepo? Wangesema nimerogwa, au nimekuwa kichaa. Na ninyi mlikuwa watoto sita." Alivuta kanga yake. "Kanisani nilikuwa simsikii padri. Watu wanasimama, mimi nimekaa. Wanakaa, mimi nimesimama. Wasichana wanacheka. Nikaacha."

Nilimwuliza kile nilichotaka kumwuliza mtu yeyote duniani. "Ulifanyaje mpaka ukatulia?"

Alinigeukia kwa mshangao wa kweli. "Nani kakwambia nilitulia?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesahihisha jina lililokosewa. "Nilikuwa natangulia shambani kabla yenu," alisema, "nalia huko kwenye tumbaku. Nikimaliza narudi kuwapikia."

Nilikumbuka jikoni lile. Niliinama nikamwambia, "Mama, nisamehe. Siku ile nilipomleta mchumba."

"Nini?"

Nikarudia kwa sauti zaidi, bado nimeinama.

"Sisikii, mwanangu."

Jirani alikuwa anapita na ndoo, akageuka kututazama. Neno lile lilikuwa neno la kunong'ona, na mimi nilitakiwa kulipigia kelele. Mama akanipapasa goti. "Utasema kesho," alisema, akainuka kwenda kuwasha moto.

Kesho yake walikuja wageni. Kesho kutwa nilikuwa na safari. Nilijiambia Desemba nitakuja, nitamketisha ndani, nitafunga mlango, nitasema kwa sauti yote niliyo nayo. Alifariki Novemba, kabla ya mvua. Nililisema lile neno kaburini, taratibu, na mluzi ukaendelea juu yake.

Bado nakaa kwenye mkeka kila asubuhi. Utulivu ninaoahidiwa kwenye simu sijaukuta. Ninachopata, siku nyingine, ni pumzi nne au tano ambazo ndani yake sipigani na mluzi. Siku nyingine sipati hata moja, nakunja mkeka naenda shule.

Mwezi uliopita nesi mmoja anayeijua hali yangu alimtuma kwangu mama anayeuza mboga sokoni. Alifika asubuhi, macho yamevimba, akabaki kwenye kizingiti.

"Mwalimu, nimeambiwa nawe unayo. Eti inaisha?"

Nilitamani sana kumdanganya. "Hapana," nilimwambia. "Karibu ndani."

Alivua kandambili, akakaa mkabala nami. Alilia, nami sikumnyamazisha. Alipomaliza tulipumua kidogo pamoja, vibaya vibaya, bila mpangilio, mpaka saa yangu ya kwenda shule ikafika.